Hilo Si la Watu

Jumamosi, 4 Novemba 2006

Naandika kwa sababu Kewal kanambia niandike, si kwamba nina hamu. Kewal ndiye mshauri wetu wa mambo ya uhamiaji, Singasinga mpole mwenye ofisi juu ya duka la mazulia hapa Acocks Green. "Kila ukizungumza na mumeo," kasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "andika tarehe, saa, na mlichozungumza. Majaji wanapenda karatasi."

Basi karatasi hii. Jina langu Jokha, miaka thelathini na tisa, mpangaji wa Bi Zeinab, mfua nguo katika nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield. Nina ukaazi wa kudumu wa nchi hii tangu mwaka jana. Mume wangu, Suhail, ni fundi wa vyerehani, yuko Unguja. Tumeoana miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo tumekaa pamoja majuma manane: matano ya harusi, matatu ya likizo yangu ya Julai. Viza aliomba Februari. Agosti wakamwita ubalozini Dar kumhoji. Oktoba wakamnyima. Tumekata rufaa, na rufaa nayo ina foleni yake. Kewal anakisia Machi.

Nimempigia leo saa tisa mchana. Hajambo. Natumai jaji ameridhika.

Jumapili, 5 Novemba

Nimeisoma tena barua ya kunyimwa. Sijui kwa nini naisoma, kila nikiisoma damu inanipanda.

Walimuuliza maswali arobaini na mbili. Thelathini na tisa kayajibu vizuri, hata jina la meneja wangu kalitaja. Matatu ndiyo yaliyotuponza. Mkeo hulala upande gani wa kitanda? Usiku wa harusi mlizungumza nini? Mkiwa wawili humwitaje? Kwa yote matatu katoa jibu moja, na bibi aliyemhoji kaliandika kama lilivyo: "Hilo si la watu."

Hilo si la watu! Mbele ya mtu mwenye muhuri mkononi! Mwisho wa barua wanasema mwombaji hakuweza au hakutaka kueleza maisha yake na mkewe, kwa hivyo hawaamini kama maisha hayo yapo.

Halafu picha. Picha za nikaha ni za msikitini: yeye, wajomba zangu na mashekhe, mimi simo. Picha za kwetu ni za wanawake peke yao, tena chache, maana mama mkwe alikataza kamera ukumbini. Kewal kazipanga mezani, za wanaume huku, za wanawake huku, kaniuliza: "Hii ni harusi moja au mbili?" Nikamwambia moja. Kakuna ndevu.

Nimemlalamikia Bi Zeinab. Yeye ni mjane wa Kiunguja, kaja nchi hii kabla sijaanza skuli, na nyumba yake nimekaa mwaka wa tano sasa. Kanisikiliza huku anachambua mchele.

"Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Mumeo ana haya. Ulitaka uolewe na asiye haya?"

"Haya zake zitamweka Unguja mpaka aote mvi, Suhail huyu!"

"Na mume hatajwi jina kwa ukali hivyo."

"Mimi ningeulizwa," nikamwambia, "ningelitaja hilo jina analoniita waziwazi, na ningewaandikia wasije wakakosea herufi."

Bi Zeinab kacheka mpaka kavua miwani. Nje Waingereza wanalipua fataki za sikukuu yao tangu magharibi, na mbwa wa jirani hajanyamaza.

Jumatano, 8 Novemba

Nimempigia wakati wa mapumziko. Kadi ya simu imekatika katikati ya salamu.

Niandike na hili, jaji asije akadhani mimi ndiye ninayemtafuta mwenzangu peke yangu. Suhail hana salio la kupiga Uingereza. Kwa hivyo hunibipu: kila siku saa saba na nusu adhuhuri, akitoka kusali Alasiri kule, simu yangu hulia mara moja na kukatika. Maana yake, nipo. Nikiwa na kadi, nampigia.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Kabipu, nikampigia. Katengeneza cherehani ya mkunga wa Mwembetanga, haijashona tangu mapinduzi, kwa maneno yake. Kacheka peke yake dakika nzima ya kadi yangu.

Alhamisi, 7 Desemba

Leo nimekula chakula cha mchana na Peninah, muuguzi wetu Mkenya. Kaiona simu yangu inalia na kukatika, kacheka.

"Huyo ni bwana? Ati anakuflash kama teenager?"

Nikamweleza habari ya rufaa. Akaacha kucheka.

"Wee Jokha, nikwambie ukweli, my dear. Mimi nilingoja Bethuel two years. Two years! Tukiongea na simu tu, sweetie huku, sweetie kule. Ile siku alifika airport nikaangalia huyo mtu, nikajiuliza, sasa huyu tutaongea nini? Hatukuwa tumewahi kosana hata siku moja. Utakosana na mtu aje, na kadi ya dakika ishirini? Kwa simu hakuna mtu hununa."

"Na sasa?"

"Sasa tunakosana poa." Kainuka, kanawa mikono. "Lakini ilituchukua time. Karibu turudishane kwao."

Njiani kurudi, treni imejaa watu wa Krismasi na mifuko yao, nimesimama mpaka stesheni ya New Street nikiwaza maneno yake. Majuma manane. Katika majuma manane hatukugombana hata mara moja, na nilikuwa nikijisifia.

Jumapili, 31 Desemba

Idi njema. Mitaani wanasubiri mwaka mpya, sisi tumekula pilau saa sita mchana mimi na Bi Zeinab, meza ya watu sita. Nimempigia asubuhi. Nyuma yake nimesikia watoto, sahani, mama yake anauliza "Ni yeye?" Kasema "Ndiye." Basi. Ndiye. Nilitaka aseme zaidi, hata mbele ya watu. Nikamwambia, "Nitakie Idi njema basi, mbele yao." Kasema, "Na wewe pia," kama anamjibu mwenye duka.

Jumatatu, 8 Januari 2007

Tarehe imetoka. Jumanne ya tarehe sita Machi, saa nne asubuhi, hapa hapa Birmingham. Yeye haji, haruhusiwi kuja. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya jaji.

Kewal anasema silaha yetu kubwa ni maelezo ya Suhail mwenyewe, kwa maandishi. Ayajibu yale maswali matatu, aeleze kwa nini aliyakwepa, atie sahihi. "Akijibu," kasema, "tuna nusu ya kesi."

Nimempigia nikiwa na furaha, hilo nalo liandikwe. Nilisimama uani nyuma ya chumba cha kufulia, baridi inanipasua vidole, nikamweleza pole pole kama anavyoeleza Kewal. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nisikilize," akasema. "Nitawaandikia kila kitu. Kazi yangu, nyumba, ukoo mpaka babu wa saba. Hayo matatu, hapana."

"Hayo matatu ndiyo wanayoyataka!"

"Wanayataka. Mtu akitaka kuingia chumbani mwangu nimfungulie?"

"Suhail, hii si haya tena, huu ni ukaidi. Wewe unaona haya kwa jina, mimi naishi kwa watu miaka mitano. Nani anaumia?"

"Sote."

"Basi sema jina! Ni neno tu!"

Akasema, bila kupandisha sauti, maana yeye sauti hapandishi: "Kama mpaka niyauze ya ndani ndipo nije, basi nisije."

Nisije. Kalitamka hivyo hivyo. Nikamwambia, "Kaa na haya zako, zikupikie," nikakata simu. Nimerudi ndani nikafua mashuka yaliyokwisha kufuliwa, Peninah kaniondoa kwenye mashine kwa mkono.

Nimekasirika mno. Nimekasirika na nina hofu, maana mtu anayetaka kuja hasemi nisije. Pengine yule bibi wa Dar kamjua mume wangu kwa nusu saa kuliko nilivyomjua mimi kwa majuma manane.

Kesho nitampigia. Kewal anataka karatasi.

Jumanne, 9 Januari

Nimempigia. Hajambo.

Alhamisi, 11 Januari

Nimempigia saa saba na nusu. Hajambo.

Jumamosi, 13 Januari

Nimempigia. Tumezungumza habari za nyumbani.

Jumanne, 16 Januari

Nimempigia. Hajambo.

Ijumaa, 19 Januari

Upepo wa jana umeng'oa vigae vya jirani, na treni zimesimama. Nimempigia. Hajambo.

Jumatatu, 22 Januari

Nimempigia. Hajambo.

Alhamisi, 25 Januari

Nimempigia. Hajambo.

Jumapili, 28 Januari

Mistari yote ya tangu tarehe tisa ni ya uongo.

Sikumpigia hata mara moja. Siku kumi na tisa. Kila siku saa saba na nusu simu ililia mara moja ikakatika, nami nikaigeuza kifudifudi, au nikaizima, au nikaitazama tu. Jioni nikafungua daftari hili nikaandika hajambo. Nilikuwa najiambia, nampigia kesho, basi leo ni kama nimempigia. Na nilikuwa nataka aumie. Nilitaka abipu mpaka kidole kimuume, ajue kusubiri ni nini, kana kwamba yeye hasubiri.

Leo saa saba na nusu haikulia.

Nilikuwa jikoni na Bi Zeinab, tunakaanga sambusa. Saa nane kasorobo haikulia. Saa nane haikulia. Nikaacha mafuta motoni, nikapanda chumbani nikakaa nayo mkononi. Nikajua basi, kachoka, na ana haki. Nikawaza kafa. Nikawaza mama yake kamwambia aniache, na yeye kasema vyema. Saa tisa nikakwangua kadi kwa meno maana vidole vilikuwa na mafuta, nikapiga.

Kapokea kabla haijalia vizuri.

"Salio limekwisha," kasema, kana kwamba tulizungumza jana. "Hata la kubipu. Nilikuwa navaa viatu nikanunue. U mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi."

Basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nililia mpaka kadi ikakatika, na naamini alikaa akinisikiliza mpaka mwisho, maana hakukata kabla ya kadi.

Sijui nifanye nini na mistari ile. Nimekwishaiandika kwa wino.

Alhamisi, 8 Februari

Theluji. Treni ya Sutton haiendi, meneja kasema nibaki nyumbani.

Jana Kewal kanipigia: Suhail hajaleta maelezo yoyote, muda umebanana, basi tutegemee nilivyo navyo mimi. Anataka orodha safi ya simu, tarehe na saa, tangu Novemba. "Isiwe na pengo," kasema. "Pengo ndilo watakalolishika."

Nimekaa meza ya jikoni nikainakili. Nilipofika tarehe tisa Januari nikasita. Nikatazama theluji. Kisha nikaandika zote kumi na tisa, hata zile ambazo humu sikuziandika, na kila moja nikaipa saa yake.

Bi Zeinab kapita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Siku hizo ulikuwa unampigia? Mbona simu yako nikiiona imezimwa?"

"Nilikuwa napigia kazini."

Katia sukari, kakoroga, kaondoka. Uongo umekuwa mmoja, ukawa kumi na tisa, na wa ishirini nimempa mtu aliyenipa nyumba. Alasiri nimetembea kwenye theluji mpaka ofisi ya Kewal, nikampa karani wake Tarsem orodha mkononi nisije nikabadili mawazo. Kasema mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 20 Februari

Leo nimetimiza arobaini. Sikumwambia mtu kazini.

Saa saba na nusu simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Ya tatu, ya nne, nikadhani imeharibika. Peninah ndiye aliyeanza kuhesabu kwa sauti, na wapishi wakajiunga. Zilifika arobaini kamili, kisha kimya. Arobaini, na hakuna hata moja iliyomkata senti.

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nimekwenda kujifungia chumba cha mashuka. Mtu huyu nimemwandikia nini kwa serikali? Nimeandika tarehe za uongo juu ya mtu anayejua kuhesabu namna hii.

Jumapili, 4 Machi

Nimempigia. Nilitaka kumwambia habari ya orodha. Nikamwambia habari ya mvua.

Jumanne, 6 Machi

Nimerudi. Bi Zeinab kalala, mimi siwezi. Nitaandika kama yalivyokuwa.

Chumba chenyewe kidogo, kama darasa. Jaji ni mzee mwembamba wa Kizungu, anaandika kila kitu kwa kalamu ya wino. Upande wa serikali msichana mrefu mwenye mafua na mkoba wa magurudumu. Upande wetu Kewal, na tai mpya. Bi Zeinab kiti cha nyuma, baibui lake la Idi. Na mkalimani wao ni nani? Khatib! Khatib wetu, katibu wa jumuiya ya Wazanzibari, tunayekutana naye kila maulidi na kila msiba. Kewal kauliza kama yupo mwengine. Hakuna mwengine Birmingham nzima siku ile.

Kabla hatujaanza, jaji kasema ameletewa barua. Imetoka Unguja moja kwa moja mpaka mahakamani, kwa Kiswahili, nao wameitafsiri. Kewal kageuka kunitazama. Kapewa nakala, na tukapewa dakika kumi, tukatoka kwenye ujia.

Mwandiko ulikuwa wa Suhail. Hakujua kwamba mambo haya hupita kwa wakili. Kaiona anwani juu ya barua ya rufaa, kaandika kama mtu wa Unguja anavyomwandikia kadhi kesi yake ya ndoa ikifika barazani. Nainakili hapa, Kewal kaniachia nakala.

*Kwa Mheshimiwa Kadhi wa Birmingham. Baada ya salamu. Mimi Suhail, fundi wa vyerehani, naleta mbele yako kosa langu. Niliulizwa mambo matatu ya mke wangu nikakataa kuyajibu. Aliponitaka niyaandike, nikamjibu neno baya, nikasema basi nisije. Kwa neno hilo alikasirika, na kwa siku kumi na tisa, kuanzia tarehe tisa Januari, hakunipigia simu. Ana haki. Simu niliiweka juu ya cherehani, na kila cherehani ikitikisika nilidhani ni yeye. Naomba kosa hili lisihesabiwe kwake. Yale maswali bado siwezi kuyajibu, hiyo si dharau, ndivyo nilivyolelewa. Lakini yeye nimempa ruhusa. Akipenda kulitaja jina ninalomwita, alitaje, nami sitamlaumu. Wako mtiifu.*

Kewal kaisoma tafsiri mara mbili. Kisha katoa orodha yangu, kaiweka juu ya barua, kidole kwenye tarehe tisa.

"Bi Jokha. Kuna simu kumi na tisa hapa. Mumeo anasema hakuna. Mmoja wenu hasemi kweli. Sitakufundisha la kusema, nikikufundisha nafungiwa kazi. Fikiri sana kabla hujafungua mdomo."

Nilifikiri, na Mungu ananiona nilivyofikiri. Ningeweza kusema kasahau. Fundi wa vyerehani, hajui tarehe, mambo mengi. Nani angembishia? Yeye yuko mbali maelfu ya maili, hana hata sauti humu ndani. Ningemfanya mjinga kidogo tu ili nimlete.

Tukaingia. Nikapewa msahafu nikaapa.

Yule msichana kapenga kamasi, kasimama. "Unakubali kwamba orodha hii ni yako?" Khatib kafasiri. Nakubali. "Na barua hii ni ya mumeo?" Ndiyo. "Basi ipi ni ya kweli?"

"Barua ni ya kweli," nikasema. "Orodha si ya kweli. Zile kumi na tisa nimezitunga mimi."

Nikamsikia Bi Zeinab nyuma yangu: "Ya Rabi." Kewal kafumba macho. Khatib kachelewa kufasiri, kanitazama kama ananipa nafasi niyarudishe, kisha kayasema kwa Kiingereza.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimemnunia."

Khatib kalitafuta neno hilo kwa Kiingereza, kalikosa, kaeleza kwa maneno mengi. Jaji kainua kalamu. "Ulimnunia mumeo siku kumi na tisa?"

"Ndiyo. Naye alinibipu kila siku, sikumjibu. Kosa lake lilikuwa neno moja, langu siku kumi na tisa."

Yule msichana hakuachia. Kasema mimi ni mwongo kwa kukiri kwangu mwenyewe, kwa nini niaminiwe lolote? Nikasema, "Sijui." Kakaa chini.

Hapo jaji kaishika barua. Kaniambia yeye mwenyewe, taratibu, kwamba mume wangu kanipa ruhusa. Je, ningependa kumwambia jina ninaloitwa?

Kewal kafumbua macho, na uso wake wote ulikuwa unaniambia sema. Na mimi ndiye niliyejigamba Novemba, ningelisema na ningewaandikia herufi. Nikafungua mdomo. Nikamwona Khatib anatazama sakafu, kalamu ya jaji inangoja, yule msichana na kitambaa chake cha kamasi. Neno lilikuwa pale pale, dogo, la kitoto, mtu mwengine angelicheka. Nikamwona Suhail ndani ya kile chumba cha Dar, kavaa koti la kuazima, anaulizwa hivi hivi.

"Sitalisema," nikamwambia jaji. "Nikilisema hapa litaandikwa, na likishaandikwa si letu tena. Na tukitoka na viza bila la kwetu, tutaishi na nini?"

Khatib kafasiri bila kuinua macho. Jaji kaandika kwa muda mrefu. Kisha kasema majibu yatakuja kwa posta.

Kwenye ngazi Kewal hakunikaripia. Kasema tu, "Umevunja kesi yangu, sijui kama umevunja yako." Bi Zeinab kanishika mkono mpaka kituo cha basi. Nikamwomba radhi kwa uongo wa ishirini, ule wa jikoni. Kasema aliujua siku ile ile.

Nimempigia Suhail nikamwambia yote, pamoja na orodha. Kanisikiliza. "Jina ulilitaja?" akauliza mwisho.

"Sikulitaja."

Kashusha pumzi. Sijui kama ilikuwa ya furaha au ya mtu anayeona mlango umefungwa.

Jumatano, 7 Machi

Mke wa Khatib kanipigia kuniuliza hali. Hajawahi kunipigia. Ama mume kasema, ama hakusema na yeye kanusa.

Jumatano, 14 Machi

Posta: tangazo la pitsa.

Alhamisi, 22 Machi

Posta hakuna. Nampigia kila siku sasa, na siandiki saa. Jana tumegombana juu ya mapazia, kama nyumba ya mapazia tunayo.

Ijumaa, 30 Machi

Imekuja. Bi Zeinab kaiweka kwenye sinia ya vitumbua vya Maulidi ili nisiipite.

Sikuielewa yote, nimeipeleka mbio kwa Kewal na viatu vya ndani. Kaisoma amesimama. Rufaa imekubaliwa. Jaji ameandika kwamba shahidi alidanganya katika orodha, na kwamba jambo hilo analichukulia kwa uzito. Kisha ameandika hivi, Kewal kanisomea mara tatu: "Watu waliotunga ndoa wangetunga na jina."

Nimekaa kwenye kiti cha Tarsem nikalia. Kewal kaniachia nilie, kisha kanieleza yaliyobaki, maana ndiyo kazi yake. Serikali ina siku zake za kupinga. Wasipopinga, faili linarudi Dar, linaingia foleni upya. Pengine Julai. Pengine Oktoba. Hawezi kuahidi.

Jioni nimempigia Suhail, nikamwambia. Nikasema, "Umesikia?" Namsikia anavuta pumzi, na nyuma yake cherehani ya mtu inakwenda. Kadi ikakatika kabla hajasema neno. Nilikuwa sina nyingine, na maduka yamefungwa.

Jumamosi, 31 Machi

Maulidi. Nyumba imejaa wanawake, mke wa Khatib kaleta mkate wa kumimina, hakuniuliza kitu.

Saa saba na nusu simu ikalia. Nilikuwa na sinia mikono miwili, nikangoja ikatike. Haikukatika. Ikalia mara ya pili, ya tatu, wanawake wakageuka, nikaitua sinia kwenye ngazi nikapokea.

Alikuwa amenunua salio la kupiga. Mara ya kwanza tangu tuoane. Hakusalimu, hakuuliza hali, salio lake lilikuwa la neno moja na yeye alilijua. Kaniita. Kisha ikakatika.

Kewal hataki tena karatasi. Hapa siliandiki.